Unyayo Uliotazama Mlango

Averick alipofumbua macho asubuhi ile, mama mkwe wake alikuwa ameshapiga magoti mbele ya meko, na hilo peke yake lilitosha kumwambia kwamba amechelewa. Alikuwa amejiapiza kuamka kabla ya jogoo. Badala yake alilala fofofo, na sasa kilichopaswa kufutwa kilikuwa kimeshaonekana.

Majivu yalikuwa sakafuni, laini, kuanzia kwenye mawe ya meko hadi karibu na katikati ya chumba, kama mama mkwe huyo, bibi Paie, alivyoyatandaza mwenyewe jana yake kabla ya kwenda kulala. Katikati ya ulaini ule palikuwa na unyayo mmoja. Kisigino kilikuwa upande wa meko, vidole upande wa mlango.

"Ni wangu," Paie alisema bila kugeuka. Aliupapasa kwa ncha za vidole, taratibu, kisigino kwanza, kisha akachukua ufagio akayakusanya majivu yote na kuyarudisha mekoni kabla Averick hajatia mguu sakafuni. "Basi, tumeona. Weka maji ya uji, mwanangu."

Kisiwani Man hakuna asiyejua maana ya jambo lile. Mkesha wa Sauin ndipo kiangazi kinapofunga mlango wake na baridi kuingia. Ng'ombe wamesharudi zizini kutoka milimani, watoto wamepita nyumba hadi nyumba na taa zao za turnipu, mizizi minene ya shambani, zilizochongwa macho na meno, wameimba nyimbo zao za utani na kupiga milango ya watu kwa mashina ya kabichi, na wakubwa wamechoka kucheka. Hapo mwenye nyumba hutandaza majivu na watu hulala mapema, maana usiku ule si wao. Ni wa Wenyewe, wale viumbe wasioonekana. Hawatajwi kwa jina jingine. Watu husema Wenyewe, kana kwamba nyumba ni zao na sisi ni wapangaji, na huenda ndivyo ilivyo. Wakipita huacha alama. Unyayo ukielekea meko, mwaka hauishi kabla nyumba haijapata mtu, mtoto au bibi arusi. Ukielekea mlango, mwaka hauishi kabla nyumba haijatoa mtu, naye hatoki kwa miguu yake.

Sasa Paie Cregeen alikuwa ameuona unyayo wa kutoka, ameukubali kuwa wake, na amekaa kunywa uji kama siku nyingine yoyote. Na Averick, mjane wa mwanawe, alikaa mkabala naye akiwa na bakuli mkononi, akijua kwa hakika kwamba unyayo ule haukuwa wa Wenyewe wala wa Paie. Ulikuwa wake yeye.

Ingekuwa rahisi kusema. Angesema tu, mama, niliyakanyaga majivu kwa bahati mbaya, na mambo yangeishia hapo kwa kicheko. Lakini kusema hivyo kungemlazimu aseme pia alikuwa akifanya nini pale, gizani, watu wote wakiwa wamelala. Alikuwa akila mkate bubu.

Mkate bubu ni mchezo wa wasichana. Unachanganya unga, yai, maganda ya yai, masizi kidogo, na chumvi ya kumtesa ng'ombe. Unaukanda kimya, unauoka kwenye makaa kimya, unaula kimya, halafu unakwenda kitandani kinyumenyume bila kutoa sauti wala kugeuza kichwa. Neno moja au jicho moja la kutazama uendako, umeharibu. Usipoharibu, unamwota mume. Wasichana wa miaka kumi na saba huufanya kwa makundi, wakiziba midomo kwa aproni wasipasuke kwa kicheko. Averick aliufanya peke yake, na alikuwa na mvi.

Hakuwa amepanga. Siku ya kumaliza mavuno alijikuta anaitazama mikono ya Finlo Skillicorn ikisokota kamba za nyasi, na akaendelea kuitazama hata kamba zilipokwisha. Tangu hapo mikono ile ilikuwa inamjia akikamua maziwa, akikoka moto, akiwa kanisani katikati ya sala. Basi siku ya Sauin, Paie alipokwenda kwa jirani, Averick alioka kikate chake kwenye makaa akakificha ndani ya sanduku la unga. Kitanda chake kilikuwa kwenye kona ya meko, na kwa kuwa kurudi kinyumenyume kunataka nafasi, usiku, Paie alipokwisha kulala, alikila amesimama mlangoni. Hatua kwa hatua alirudi nyuma. Ghafla wayo wa mguu wake wa kushoto ukagusa kitu laini chenye uvuguvugu. Alijua mara moja ni nini, lakini kugeuka hakuruhusiwa, kusema hakuruhusiwa, wala kutoka kitandani kabla ya alfajiri. Akapita kando ya majivu hadi kitandani, akijiambia atawahi kuyalainisha. Mengine tumeyaona.

Kilichomfunga mdomo hakikuwa kicheko cha kijiji, ingawa nacho alikiogopa. Ni kwamba Paie alikuwa mama yake Dollin. Dollin alipozama na mashua yake miaka mingi nyuma, mama mkwe mwingine angemwambia Averick arudi kwao, tena hakuna ambaye angemlaumu, maana hakukuwa na mtoto. Paie hakusema hivyo. Hakusema lolote. Alimpisha tu kwenye kona ya meko, mahali penye joto kuliko pote katika nyumba, na yeye mwenyewe akahamia chumba cha upande wa mlango kinachopenywa na upepo. Tangu hapo waliishi pamoja bila kulitaja jina la Dollin, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye asiyeweza kulisikia. Kusema "nimekula mkate bubu" kulikuwa sawa na kusema, mama, nimechoka kumlilia mwanao. Tena Sauin ndio msimu wa kuhama kisiwani, watumishi wanabadilisha mabwana na wapangaji wanabadilisha nyumba. Paie akisema, basi nenda salama, Averick asingekuwa na jibu. Hakuwa na kwao tena. Na zaidi ya yote, alimpenda yule bibi, kwa upendo ambao hakujua auite nini.

Kwa hiyo alianza na ujanja mdogo. Alisema huenda ni paka.

"Paka wa vidole vitano?" Paie aliuliza, akaendelea kulamba kijiko.

Siku zilizofuata nyumba iliendeshwa kwa utulivu wa ajabu. Paie aliifua sanda yake aliyoishona mwenyewe zamani, akaianika juu ya kichaka cha miiba nje, mahali panapoonekana barabarani, na kila aliyepita aliisifu kwa weupe. Kuku wake aliwapa jirani yao, Kirree Faragher, mwanamke mnene mwenye mdomo usiopumzika na roho njema nyuma yake. Kirree aliwachukua kuku huku akilia, na alipomaliza kulia akasema kwamba Paie amechagua vizuri, maana ardhi bado haijaganda na wachimbaji hawatanung'unika. Paie alikubali kwamba hilo naye alilifikiria.

Mhubiri alikuja. Alikuwa kijana mwenye shingo ndefu, na alizungumza kwa muda juu ya upagani na majivu na jinsi Mungu asivyotumia miguu kuandika. Paie alimwitikia kila neno. Akamkatia mkate, akamjazia maziwa, na alipokuwa anaondoka akamuuliza ni kona ipi ya makaburi ambayo haina upepo mwingi.

Averick aliyatazama yote hayo. Kila jioni alijiambia kesho, na kila kesho ikaja na kabichi za kukata au ng'ombe wa kukamua, akapata sababu. Halafu aliliona jambo jingine. Paie, ambaye hakuwahi kuwa mwanamke wa kung'ang'ania mtu, alianza kumkataza mambo. Asiende mwambani kubandua kombe wakati wa maji kupwa, kombe za mwaka huu hazina ladha. Asichote maji kisimani asubuhi, mawe yana barafu, asubiri jua lipande. Na paa. Kila mwaka kabla ya dhoruba za baridi ilibidi mtu apande kuzifunga upya kamba zinazolishika paa la nyasi lisipeperuke, na kila mwaka Averick ndiye aliyepanda. Mwaka huu Paie alisimama mbele ya ngazi akaishika kwa mikono miwili.

"Hupandi."

"Mama, zimelegea. Upepo ukigeuka kaskazini tutalala nje."

"Basi mwite mwanamume. Wewe hupandi."

Averick alidhani ndivyo wazee wanavyokuwa wakikaribia mwisho, wanataka mtu wao asiondoke karibu. Moyo ukamuuma zaidi. Na mwanamume wa kuitwa kwa kazi ya kamba, katika kijiji kile cha Ballacarrick, alikuwa mmoja tu.

Finlo Skillicorn alifika na furushi la kamba begani, akafanya kazi kutwa nzima bila maneno zaidi ya yale ya kuomba kamba nyingine. Alikuwa mtu wa makamo, hajaoa kamwe, mpole kiasi kwamba watu walisahau kumtania. Averick alimpasia kamba kutoka chini akiwa ameinamisha uso. Hakuweza kumtazama. Kila alipoiona mikono ile ikikaza fundo, aliona majivu.

Jioni alipokuwa anakunja vifaa vyake Finlo alimuuliza kama mama anakula. Averick akasema anakula kidogo, kila akiandaliwa anasema ameshiba.

"Usimwache hivyo," Finlo alisema, akiitazama kamba na si yeye. "Hapa kwetu mtu akiamua kufa anakufa. Baba yangu mdogo alisikia mbwa mweusi akilia Jumatatu, akasema ni mimi huyo. Hakuwa na homa, hakuwa na kikohozi. Jumapili tukamzika."

Maneno yale yalimkaa Averick rohoni. Chakula kilipokwisha siku ile, na Paie akiwa amegusa kiazi kimoja akakiacha, Averick alivuta pumzi akasema. Lakini hakusema kweli. Alisema aliamka kumwangalia ng'ombe, alisikia kama anakoroma vibaya, na alipokuwa anakwenda mlangoni aliyakanyaga majivu kwa kutoona. Unyayo ulikuwa wake, basi, na hauna maana yoyote.

Paie aliweka kisu chini. Uso wake, ambao wiki zile zote ulikuwa mtulivu, ulibadilika rangi.

"Komeo la mlango halikuguswa," alisema. "Nalala kando yake. Likiguswa na upepo tu naamka. Unasema uongo, na najua kwa nini unasema, unataka kujitwisha. Unyayo ni wangu. Usirudie tena maneno hayo humu ndani."

Sauti ile Averick hakuwahi kuisikia. Haikuwa ya hasira, ilikuwa ya hofu, na kwa kuwa hakuelewa ni hofu ya nini, aliinuka akaondoa vyombo. Asubuhi iliyofuata Paie hakuamka kukoka moto. Alisema miguu imekuwa mizito, atapumzika kidogo. Hakutoka tena chumbani.

Hapo ndipo mambo yalipoacha kuwa maneno. Alikunywa mchuzi vijiko viwili, kisha kimoja, kisha akawa anaulowesha mdomo tu kumridhisha mwenzake. Mikono yake, ambayo ilizoea kazi ya jembe, ikawa inalala juu ya blanketi bila kufanya kitu. Hakulalamika. Alichotaka ni kujua tu Averick yuko wapi. Averick akitoka na ndoo, alimsikia akiita kabla hajafika zizini. Akirudi, alimkuta ameinua kichwa kutoka kwenye mto, anasikiliza hatua zake.

Siku theluji ya kwanza ilipoanguka Kirree alikuja na mayai ya wale kuku, akakaa kitandani kwa Paie kwa muda, akapitisha mkono chini ya blanketi. Alipokuja jikoni hakuwa na utani. Alimwambia Averick kwamba miguu ya Paie ni ya baridi hadi magotini, kwamba yeye amewaosha maiti wengi na anaijua baridi ile, na kwamba kama kuna ndugu wa kuitwa aitwe sasa. Kisha akajifunga shali akaenda zake kwenye theluji.

Averick alisimama katikati ya jikoni. Mwanga wa mchana ulikuwa mweupe na wa chini, nyumba imenyamaza kabisa. Alihisi aibu yake yote, aliyoibeba kwa uangalifu wiki zile, na akaona jinsi ilivyo ndogo. Akaingia chumbani akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mama, unyayo ni wangu."

Paie hakufumbua macho. "Hayo tulishamaliza."

"Hatujamaliza. Ya ng'ombe nilidanganya. Nilikuwa nakula mkate bubu."

Macho ya Paie yalifumbuka taratibu, yenye ukungu wake wa miaka, yakamtafuta.

"Nini?"

"Mkate bubu. Niliuoka siku ile ulipokuwa kwa Kirree. Nikaula mlangoni ulipolala."

"Wewe."

"Mimi."

"Na mvi hizo."

"Na mvi hizi, mama."

Paie alimtazama, au alitazama upande sauti ilikotoka. Averick alisubiri aambiwe lile aliloliogopa. Badala yake Paie aliuliza, kwa sauti ya mtu anayefanya hesabu, alitembea vipi.

"Kinyumenyume. Inavyotakiwa."

Paie akajisukuma kwa kiwiko. Ilimchukua muda. Alipokwisha kukaa, mgongo ukiwa umeegemea ukuta na pumzi ikimwenda juu, alisema, "Fungua mlango wa chumba. Wote. Nenda kwenye mlango mkubwa unionyeshe."

Basi Averick, mwanamke mzima, alikwenda akasimama mlangoni, akageuza mgongo kwa meko, akaanza kurudi nyuma hatua moja moja huku uso wake ukitazama mlango. Kama kuna mtu angechungulia dirishani angedhani nyumba nzima imerukwa na akili.

"Simama," Paie aliita. "Ulikanyaga hapo?"

"Mbele kidogo ya hapa."

"Kanyaga. Mguu gani?"

"Wa kushoto."

"Vidole vinatazama wapi?"

"Mlango."

"Na wewe unakwenda wapi?"

"Kitandani."

"Yaani unaingia ndani."

"Naingia ndani, mama."

Paie alirudia maneno yale kwa sauti ndogo, vidole vinatazama mlango na mtu anaingia ndani, kisha akafunika uso kwa viganja. Mabega yakaanza kutikisika. Averick alidhani anacheka, na alikuwa tayari kumwacha acheke hadi Krismasi. Alipokaribia akaona machozi yakipita katikati ya vidole.

"Basi huendi," Paie alisema.

"Mimi? Niende wapi? Ni wewe uliyekuwa unakwenda."

"Nilikuwa nakwenda mahali pako, mjinga wewe."

Averick hakuelewa. Alikaa tena kitandani, na Paie akamshika mkono, akamweleza vipande vipande, akipumzika kati ya kipande na kipande. Macho yake yameharibika, ndiyo, lakini vidole vyake havijaharibika. Aliupapasa unyayo ule asubuhi ile akaujua kabla hajafika mwisho wake, kwa kile kidole kidogo kilichopanda juu ya jirani yake. Angeusahau vipi mguu ule? Ile baridi Dollin alipozama, Averick alitembea ufukweni pekupeku siku baada ya siku akitafuta mashua isiyokuwepo, na kila jioni alirudi na nyayo zimechanika kwa mawe, na kila jioni Paie ndiye aliyeziosha kwa maji ya vuguvugu na kuzifunga kwa vitambaa. Alikuwa anaziosha huku akiwaza, Mungu amenichukulia mmoja, huyu ataniachia. Kwa hiyo alipoukuta mguu uleule kwenye majivu, umetazama mlango, hakufikiria mkate wala paka wala ng'ombe.

"Nikasema wamemwandika Averick. Nikafagia haraka usije ukautambua. Halafu nikakaa nikafikiri. Wenyewe hawaulizi jina, wanahesabu vichwa. Wanataka mmoja atoke humu kabla ya Sauin nyingine. Sawa, atoke mmoja. Lakini ilinibidi niwahi. Ndiyo maana sikula. Ulipotoka na ndoo nilikuwa sipumui mpaka nikusikie umerudi. Na wewe na paa lako. Ulitaka kuniua kabla ya wakati."

Averick aliyakumbuka mawe ya kisimani, na kombe zisizo na ladha, na mikono miwili iliyoishika ngazi. Wakati yeye akiificha aibu yake, mwanamke huyu alikuwa amelala hapa akifa kwa makusudi, siku baada ya siku, ili yeye aishi, na hakutaka hata kushukuriwa. Aliona aibu ya aina nyingine, ile inayouma kwelikweli, akaweka paji la uso juu ya mkono wa Paie akalia bila kujizuia.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza alipopata sauti.

"Nikuambie utakufa? Na wewe kwa nini hukuniambia kwamba unatafuta mume?"

"Kwa ajili ya Dollin."

Jina lilikuwa limetoka. Nyumba haikuanguka. Paie alilisikiliza kidogo, kana kwamba mtu amelileta kutoka mbali na anataka kuhakikisha ndilo lenyewe.

"Dollin ni mwanangu," alisema. "Nitamlilia mimi, hiyo ni kazi yangu, na naiweza. Wewe sikukuweka hapa umlilie. Nilidhani umebaki kwa kuwa huna pa kwenda, nikaona nisikuulize, nisije nikakutia unyonge."

"Nilibaki kwa sababu yako."

"Haya," Paie alisema, akajifuta uso kwa ncha ya blanketi. "Haya. Na ulimwota nani?"

"Sikumwota mtu. Niliota kiu."

"Chumvi ilizidi."

"Ilizidi sana."

"Mkono wako wa chumvi ni mzito tangu nikujue. Finlo atakoma."

Averick aliinua uso. Hakuwa amelitaja jina lile kwa mtu yeyote, wala kwa ng'ombe. Paie alikuwa anatazama dari, na pembeni mwa mdomo wake palikuwa na kitu ambacho wiki zile zote hakikuwepo.

"Sioni vizuri," alisema, "lakini mtu akimpasia mwanamume kamba kutwa nzima bila neno hata moja, nasikia. Jumapili mwite aje kula. Na nisikilize vizuri, usidhani nitakuachia uende kukaa kwenye kile kibanda chake cha moshi. Akikutaka ahamie hapa, na ajue kabisa anahamia kwa watu wawili. Sasa niletee chakula. Si mchuzi. Viazi, na samaki, na siagi. Nimekaa na njaa mpaka nimeanza kuwaonea wivu ng'ombe."

Averick alikwenda jikoni akachochea moto, akachukua viazi, akaketi kuvimenya mbele ya mlango wa chumba uliobaki wazi. Alikuwa bado analia, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile hakugeuza uso ukutani ili bibi asimsikie. Paie alimwacha alie. Baada ya kitambo alimwambia, kwa sauti dhaifu lakini yenye amri yake ya zamani, kwamba leo chumvi ataitia yeye mwenyewe, na akaomba aletewe kopo kitandani.